Kasi ya Prosesa na Joto la Chumba

Nyumbani kwetu Tanga ipo kompyuta moja ya mezani, nayo hutumiwa na watu wote: mama hutunzia hesabu za duka, binti yetu huandikia tasnifu yake ya chuo, na kijana wetu wa kidato cha tatu huhariri video na kucheza michezo. Usiku mmoja wa Februari, joto likiwa kali, ilizimika ghafla, na kurasa nne za tasnifu ambazo hazijahifadhiwa zikapotea. Tulipouliza, kijana alikiri kwamba alikuwa ameipandisha prosesa kasi kupita ile ya kiwandani, jambo ambalo vijana huliita ovakloki.

"Baba, nilifuata maelekezo neno kwa neno," alisema.

Tulimwamini. Tulipoyasoma maelekezo hayo hatukuona kosa ndani yake, ila yaliandikwa na mtu anayeishi katika nchi ya baridi.

Prosesa yetu ni Ryzen 5 1600, ambayo kiwango chake cha juu cha joto ni nyuzi 95. Ili prosesa istahimili kasi kubwa bila kukosea, aghalabu huongezewa volti, na hapo ndipo penye hatari. Kasi ikiongezeka, joto huongezeka kwa kadiri ileile. Lakini volti zikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Tuseme kasi imetoka gigahezi 3.4 hadi 3.9, na volti kutoka 1.2 hadi 1.375. Kwa macho ni nyongeza ndogo, lakini umeme unaoliwa, ambao wote hugeuka kuwa joto, huzidi kwa nusu nzima.

Jambo la pili ni kwamba feni haiwezi kuipoza prosesa kushinda hewa ya chumba. Joto la prosesa huhesabiwa juu ya joto la chumba. Ikiwa kazi nzito huipandisha nyuzi 50 juu ya chumba, nyongeza ile ya nusu huzifanya kuwa 75. Katika chumba cha nyuzi 20, jumla ni 95, na mwandishi wa maelekezo anaponea chupuchupu. Katika chumba chetu cha nyuzi 32, hesabu inafika 107. Kabla ya kufika huko prosesa hujipunguza kasi ili kujiokoa, hivyo aliyetafuta haraka huambulia ucheleweshaji. Na ikizidiwa, hujizima.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza, tulirudisha mipangilio yote ya kiwandani. Pili, tulichomoa waya wa umeme, tukafungua kasha na kuondoa vumbi kwa brashi laini, huku tukizuia mapanga ya feni yasizunguke. Tatu, tuliifuta krimu ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka juu ya prosesa, tukaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Nne, tuliitoa kompyuta ndani ya kabati, mahali ilipokuwa ikivuta hewa ileile iliyokwisha kuipasha moto.

Ndipo tukamruhusu kijana ajaribu tena, mchana wa jua kali, mbele yetu. Alipandisha kasi kidogo kidogo, kila hatua akiipa kompyuta kazi nzito kwa nusu saa na kusoma kipimo cha joto kwenye skrini, kwa sharti kwamba ikipita nyuzi 85 arudi nyuma. Aliishia gigahezi 3.7, kwa volti chache kuliko zile za awali, na kipimo kikatulia kwenye nyuzi 82. Wazazi wafahamu pia kwamba kuipandisha prosesa kasi namna hii huweza kuondoa dhamana ya kiwanda.

Kurasa nne hazikurudi. Binti aliziandika upya kwa siku mbili, na nduguye akamsomea rejea zake moja baada ya nyingine huku akimwomba radhi. Tangu siku hiyo tumewekeana masharti mawili: kazi zote hunakiliwa kwenye flashi kila jioni, na hakuna agusaye mipangilio ya kompyuta pasipo kuwaambia wenziwe, kwa kuwa chombo cha nyumba ni amana ya wote.