Swali Mbele ya Kaburi la Songea



Wapendwa waamini, wengi wetu tumekwenda Songea kwa biashara, kwa misiba na kwa harusi bila kuingia katika Makumbusho ya Taifa ya Majimaji. Mimi pia nilikuwa mmoja wenu hadi Jumamosi iliyopita, nilipowasindikiza vijana wetu wa Kipaimara kwa Coaster ya kukodi.

Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi wa Wangoni, na kumbukumbu yao ni tarehe 27 Februari, kwa mauaji ya mwaka 1906. Mashujaa 66 wamelala katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake, na husimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Vijana walipoelezwa kwamba kabla ya kunyongwa baadhi ya wafungwa wale walibatizwa na padre Mbenediktini, mmoja wao alinigeukia: “Baba Paroko, huyo padre alikuwa upande wa nani?”

Sikumjibu pale, na jibu nililo nalo leo halijakamilika. Padre yule hakukizuia kitanzi. Kama angeweza, siwezi kupima. Lakini ikiwa tunasadiki Ubatizo, basi katika kaburi lile wamo ndugu zetu wa imani, nasi tumewaombea lini? Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, waliouawa Agosti 1905 katika vita ileile, tunawataja katika mafundisho, na ndivyo ipasavyo. Walionyongwa tumewaachia Serikali na sherehe zake za Februari.

Wala tusiseme vita ile ilikuwa ya mbali. Mwaka huohuo wa 1905 wapiganaji wa Kingoni walifika Yakobi, jirani kabisa na Njombe, wakaishambulia misheni ya Kilutheri.

Mzazi mmoja alinilalamikia kwamba nimewapeleka watoto kusikiliza habari za maji ya uganga. Namheshimu. Hata hivyo, yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana hakuhudhuria mafundisho hata siku moja. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Ilikuwa Sherehe ya Watakatifu Wote. Sidhani kama aliyepanga safari ile aliitazama kalenda ya liturujia, lakini siku iliangukia mahali pake. Ikiwa mgeni amesafiri kutoka Berlin ili kuinamisha kichwa mbele ya makaburi yale, sisi wa Njombe na Makambako, ambao barabara ya lami inatufikisha huko kwa saa chache, tuna udhuru gani?

Nimeamua kila darasa la Kipaimara lifanye safari hiyo. Na tarehe 27 Februari, saa 12 asubuhi, tutaadhimisha Misa kwa ajili ya wote waliokufa katika vita ile, wa kamba na wa mkuki. Kijana aliyeuliza swali nimemwomba asome maombi ya waamini. Amekubali, kwa sharti kwamba ayaandike mwenyewe.