Nani Anaitwa Mwandishi?

Wandugu, sisi wa darasa la sita tunaalikwa kwenye mikutano ya fasihi mbele ya kuingia univerisite. Ni vizuri. Lakini nani habaalikwi?

Juni 1962, kule Makerere, Kampala, James Ngugi alikuwa mwanafunzi bado. Akaingia mkutano wa waandishi sababu hadithi zake fupi mbili zilitoka kwa Kiingereza. Akamwonyesha Achebe kitabu alichokuwa akiandika. Bahati gani! Shaaban Robert, na vitabu vyake vyote vya Kiswahili, hakuwa na kiti: ulikuwa wa Kiingereza tu. Akafa mwezi ule ule.

Kwetu Likasi njo vile na Kifaransa. Mwenye shairi la Kiswahili anaambiwa akae, asikilize. Tunakataa. Mkutano ujao asome yeye wa kwanza.