Mwacheni Mtoto Ampe Paka Jina

Paka aletwapo nyumbani, watu wazima humpa jina hata kabla hajamaliza kunusa pembe za chumba. Mtoto mdogo, ambaye ndiye atakayecheza naye kutwa, haulizwi. Jambo hili laonekana dogo, lakini sisi twaona lina uzito.

Wako jamaa zetu wa Pwani ambao kazi na biashara zimewapeleka Migori, na Homa Bay kando ya Ziwa Victoria. Tuseme katika nyumba moja ya huko paka ameingia usiku, na mtoto wa miaka minne ameulizwa aitweje. Yeye amekwisha sikia kwa majirani kwamba kwa Wajaluo azaliwaye usiku huitwa Otieno, na wa kike Atieno. Wa asubuhi ni Okinyi au Akinyi. Wa wakati wa mvua ni Okoth au Akoth. Basi ajibu mara moja: "Otieno!"

Mzazi afanye nini? Akikubali kwa kicheko, kesho paka ataitwa mlangoni na jirani mwenye jina hilo ageuke. Tena kwa Wajaluo mara nyingi jina hurithiwa kwa jamaa aliyefariki, ili akumbukwe. Kumpa paka jina hilo ni kumvunjia mtu heshima, kama ambavyo sisi hatungeridhia jina la Mtume aitwe mnyama. Lakini mzazi akimkemea mtoto, atakuwa amemfunza kwamba maoni yake ni upuuzi.

Iliyo bora ni kumweleza sababu kwa upole, kisha kumwachia achague tena. Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yasiyofaa, mwanamke aliyeitwa kwa jina lenye maana ya "muasi" alimwita Jamila.

Wala tusidhani kwamba dini yaona mambo ya mtoto na mnyama wake ni mchezo mtupu. Sahaba Abu Hurayra alijulikana kwa lakabu iliyotokana na kijipaka alichokilea. Na Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alipofiwa na kindege chake, Mtume alimwona ana huzuni, akamwita kwa lakabu kama mtu mzima na kumwuliza habari za ndege yule.

Zaidi ya hayo, jina ni amana. Mtoto aliyemwita paka wake kwa jina alilolichagua mwenyewe ndiye atakayeuliza kama amekula na kama ana maji. Tusisahau hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Huruma ya namna hiyo haingojei mtu akue ndipo afunzwe.

Kwa hiyo wazazi, waulizeni watoto wenu, na wakishachagua vyema msiwapindue. Yule mtoto wa Homa Bay akiona jinsi paka anavyozivizia omena zilizoanikwa, akasema aitwe Omena, basi na aitwe Omena.