Pomboo Haruki Kukusalimia

Mgeni aliyelipia boti ya asubuhi Kizimkazi, kusini ya Unguja, anataka jambo moja tu: amwone pomboo akiruka. Akishamwona, swali hufuata hapo hapo, na majibu hayakosekani chomboni. Nahodha ana lake, mtembeza wageni ana lake, na abiria aliyewahi kutazama filamu za bahari naye ana lake. Mengi ya majibu hayo yana chembe ya ukweli. Kosa lake ni kudhani kwamba mruko wowote wa pomboo una sababu ile ile.

“Anaruka ili apumue.” Hili ndilo jepesi kulipangua. Ni kweli pomboo si samaki. Ana mapafu, ananyonyesha, na asipopanda juu hufa maji. Lakini tundu lake la pumzi liko utosini, na kutoa hewa na kuvuta nyingine humchukua chini ya sekunde moja. Kinachohitajika ni utosi kutokeza. Mtazame pomboo aliyetulia: huibuka taratibu, hupuliza, huzama, wala maji hayarukiruki. Angelazimika kupaa mita mbili kwa kila pumzi, uchovu ungemmaliza kabla ya adhuhuri.

“Kuruka kunamwokolea nguvu kuliko kuogelea.” Wasemao hivi wana hoja nzito, na inastahili kujibiwa bila haraka. Mwaka 1980 watafiti D. Au na Daniel Weihs walichapisha hesabu zao katika jarida la Nature kuhusu jambo hili. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na mnyama aendaye kasi karibu na uso wa bahari hupoteza nguvu nyingi zaidi kwa sababu anasukuma mawimbi. Akienda kina kirefu kidogo huyaepuka mawimbi hayo, ila pumzi itamrudisha juu. Sasa, akiwa katika mwendo wa taratibu, kuuinua mwili wote hewani ni hasara tupu. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo hesabu inavyogeuka, mpaka inafika mahali ambapo kipande cha safari kinachopitia hewani kinakuwa nafuu kuliko kile cha majini. Hapo ndipo unapoliona kundi likikimbia kwa miruko mirefu ya chinichini, mmoja baada ya mwingine, na pumzi huvutwa wakati wa kuruka.

Kwa mruko wa namna hiyo, dai hili ni sahihi. Lakini yule anayepanda wima, akapinduka, kisha akaanguka kwa ubavu karibu na pale pale alipotokea, ameokoa nini? Hajasogea. Ametumia nguvu nyingi na safari iko vile vile. Hesabu za Au na Weihs hazimhusu.

“Anajikung’uta chazo.” Wavuvi wa pwani yetu wanamjua vizuri samaki huyu mwenye kinasio kichwani; wazee walimfunga kamba mkiani na kumtumia kunasa kasa. Humganda pomboo pia, na bila shaka humkera. Dai hili hutolewa zaidi kwa pomboo mzungukaji, yule mwembamba mwenye mdomo mrefu, ambaye huweza kujizungusha hadi mara saba katika mruko mmoja. Mtaalamu Frank Fish na wenzake walieleza namna anavyoweza: huanza kujipinda akiwa bado majini, na akishatoka, mapezi yake hayazuiwi tena na maji, hivyo mzunguko huongezeka kasi. Baadaye walionyesha kwa hesabu kwamba nguvu za mzunguko na kishindo cha kuanguka zinaweza kumbandua chazo. Zinaweza, sawa. Lakini pomboo wasio na chazo hata mmoja nao huzunguka vilevile, kwa hiyo mwenye kumbebesha chazo mzigo wote wa maelezo anamwonea.

“Ni mchezo tu, hauna maana.” Mchezo upo, hasa kwa wadogo. Ila huko Argentina, Bernd Würsig na Melany Würsig waliwafuatilia pomboo wadogo wa bahari za kusini wanaokula dagaa, wakaona kwamba miruko hubadilika kufuatana na kazi. Wakati wa kuwinda, mnyama hurudi majini kwa kichwa, kimyakimya, apate kuzama haraka alipo samaki. Kuna miruko mingine ya kishindo. Ile ya madoido, ya kupinduka na kujizungusha, huja zaidi watu wameshashiba na wanachanganyika. Nimesema watu, nisameheni. Huko New Zealand, katika ghuba ya Doubtful Sound, David Lusseau aligundua kwamba madume hujibwaga kwa ubavu kundi linapokaribia kuondoka, na majike hupiga mkia wakiwa chali safari inapokaribia kukoma. Kishindo hicho si kelele za bure. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na mwenzio asiyekuona gizani atakusikia.

“Anafurahi kutuona.” Dai hili ndilo linaloleta madhara. Lile tabasamu ni umbo la taya. Pomboo mgonjwa analo, na aliyekufa analo. Wale wa kwenye mabwawa ya maonyesho huruka kwa filimbi kwa sababu wamefundishwa kwa ujira wa samaki, na anayeichukua picha hiyo na kuileta Kizimkazi anadai sarakasi kwa mnyama ambaye huenda amekuja kupumzika. Maana boti huweza kumkuta akiwa katika mapumziko yake. Utafiti uliofanywa huko na Fredrik Christiansen na wenzake, uliochapishwa 2010, ulionyesha kwamba boti za wageni zikiwepo, pomboo hupunguza kupumzika na kuchangamana, na huzidisha kusafiri. Kwa maneno mengine, wanahama. Boti zikiwazunguka na kuwakata njia, kundi linalokimbia kwa miruko laweza kuwa kundi linalotukimbia sisi, huku tukipiga makofi.

Simlaumu nahodha peke yake. Kijiji kile kina watu waliowahi kuwafanya pomboo chambo cha papa. Leo mapato ya kuwatazama yanalisha nyumba nyingi, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini nahodha huwafukuza pomboo kwa kuwa abiria anadai mruko na bakshishi inaufuata. Ukipanda boti Kizimkazi, mwambie kabla hamjaondoka kwamba hudai mruko, kwamba apunguze mashine akiwa bado mbali, asiwapitie pomboo mbele, na kwamba bakshishi yake iko pale pale hata wakiishia kutokeza migongo tu.