Ukimya wa Kompyuta Si Jibu la Mgonjwa

Daktari anapofungua taarifa za mgonjwa katika kompyuta, huona orodha moja ya dawa, ya vipimo au ya mzio. Orodha hiyo haikuhifadhiwa hivyo. Ndani ya hifadhidata, kila dawa na kila kipimo kina mstari wake. Ulizo la lugha ya SQL ndilo hukusanya mistari ya kila mgonjwa na kuifunga pamoja. Kazi hiyo huachiwa fundi wa kompyuta peke yake, kana kwamba haihusiani na tiba. Hilo ni kosa.

Katika PostgreSQL, amri ya array_agg hukusanya mistari kuwa orodha, lakini haiahidi mpangilio wowote mpaka mwandishi wa ulizo autaje. Sukari iliyopanda kutoka 6 hadi 9, kisha 13, yaweza kusomeka kana kwamba inashuka. Katika MySQL, amri ya GROUP_CONCAT huunganisha maneno, lakini isiporekebishwa huyakata yakifika baiti 1024. Dawa ya mwisho hupotea, na orodha iliyobaki huonekana kamili.

Hatari kubwa zaidi ni ukimya. Mgonjwa asipokuwa na mstari wowote wa mzio, array_agg hairudishi orodha tupu. Hurudisha alama ya kutojulikana. Ili skrini ipendeze, fundi aweza kuigeuza alama hiyo kuwa maneno “hana mzio”. Lakini kukosekana kwa mstari huenda kukamaanisha kwamba hakuna aliyeuliza. “Hana mzio” ni matokeo ya uchunguzi. “Hakuulizwa” ni pengo. Kati ya hayo mawili yaweza kupita sindano ya penisilini.

Watasema wahudumu wa afya hawana nafasi ya kujifunza SQL. Ni kweli, wala hawahitaji. Yatosha, kabla ya kupokea mfumo, waulize mambo matatu: orodha imepangwa kwa tarehe? Yaweza kukatwa? Pasipo na taarifa, skrini husema nini? Fundi mwema atayajibu kwa dakika chache.

Mgonjwa naye asiione kompyuta kuwa inamfahamu kuliko anavyojifahamu. Aliyewahi kuvimba midomo baada ya kumeza dawa na aseme, hata asipoulizwa. Na muuguzi auandike mstari huo siku hiyo hiyo.