Mashine namba 7 na orodha ya walinzi

Leo siasa tuipumzishe kidogo.

Kila aliyewahi kukaa intaneti kafe anakijua kile kijisaa kwenye kona ya skrini kinachohesabu dakika zako. Kile ni kijiprogramu kilichowekwa kwenye kila mashine, kazi yake ni kuripoti kaunta: namba 3 ina mtu, namba 4 zimebaki dakika 5. Kafe niliyokuwa nashinda baada ya kumaliza kidato cha nne, kijiprogramu cha mashine namba 7 kilikufa. Tuliojua tukawa tunaiwahi asubuhi. Kaunta inaonyesha namba 7 haina mtu, na dada wa kaunta anaamini skrini yake. Wiki nzima tulikula bure, mpaka mwenye kafe alipokuja mwenyewe akapita kiti kwa kiti.

Mashine ile nimeikumbuka kwa sababu kwenye makampuni makubwa mambo ni yale yale, ila wao wana mashine maelfu. Kila moja inawekewa ajenti wa ulinzi anayeripoti kwenye seva. Programu moja inayotumika sana ni Wazuh, ni ya bure. Zamani fundi alifungua orodha akaisoma mwenyewe. Siku hizi anamuuliza msaidizi wa akili mnemba, "walinzi wetu wote wapo kazini?", halafu anaendelea na chai yake.

Njia ya kufanya hivyo imerahisishwa na MCP, utaratibu uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Uchukulie kama soketi moja inayokubali plagi zote: programu yoyote inaweza kumkabidhi msaidizi vifaa vya kazi. Wapo watu walioshaiunganisha Wazuh kwa njia hii. Kila kifaa kinajitambulisha kwa jina, maelezo mafupi, na taarifa kinazotaka kupewa. Na hapa ndipo nataka tukae: kwa kawaida msaidizi haoni kilichomo ndani ya kifaa. Anasoma yale maelezo, basi.

Sasa mtu anaandika: "Kifaa hiki kinaleta orodha ya ajenti wote." Sentensi safi kabisa, mwalimu wa Kiswahili angetoa vema. Lakini si kweli, jamani! Ukiiomba Wazuh orodha bila kutaja idadi, inakupa 500 tu, hata kama unao 2,000. Jumla halisi huwa imo kwenye jibu, ila aliyetengeneza kifaa akiikata ili kufupisha, imepotea. Fundi akiona orodha imeishia 500 kamili atashtuka. Msaidizi anaweza kushtuka, anaweza pia akakuambia kwa adabu zote kwamba hali ni shwari.

Halafu kuna hali za ajenti. Wazuh ina nne: yupo hewani, amekatika, anasubiri kukubaliwa, na yule aliyesajiliwa ila hajawahi kuunganishwa hata mara moja. Huyu wa mwisho na aliyekatika si kitu kimoja. Aliyekatika huenda mashine imezimwa tu, watu wamekwenda nyumbani. Ambaye hajawahi kuunganishwa maana yake mtu alianza kazi hakuimaliza. Tena namba 000 ni seva yenyewe, si mlinzi wa mashine ya mfanyakazi, kwa hiyo ukimhesabu umejiongezea mtu.

Shimo kubwa kuliko yote ni kompyuta ambayo haikuwekewa ajenti kabisa. Hiyo haitokei popote, hata kama imekatika haitasemwa. Ni sawa na mtu kuingia kafe na laptop yake akachomeka waya nyuma ya meza.

Na maelezo hayo hayo yanaweza kuwa mtego. Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha kwamba mtu mbaya anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya kifaa. Wewe kwenye skrini huoni kitu, msaidizi anaisoma na anaweza kuitii. Ukikumbuka kwamba orodha ya ajenti ina jina la kila mashine, anwani yake ya mtandao na toleo la mfumo wake, unaona mwizi angepewa nini. Ramani ya nyumba nzima, na madirisha yaliyo wazi yamewekewa alama.

Kwa hiyo huwa nashangaa wanaosema kuandika maelezo ni kazi ya mwisho, apewe kijana wa mafunzo. Mimi niliyeishia kidato cha nne nimejaribu ya kwangu, isomeni:

"Kinaleta ajenti waliosajiliwa, 500 kwa mara moja, angalia jumla, kisha omba waliobaki. Namba 000 ni seva, usiihesabu. Taja kila hali na idadi yake, usiseme 'wote wapo' kama kuna hata mmoja asiye hewani. Kinasoma tu, hakibadilishi chochote. Mashine isiyo na ajenti haimo humu. Ukiulizwa kuhusu mashine zote, sema hujui."

Mshkaji wangu mmoja anayefanya kazi hizi anasema sentensi ya mwisho niifute, eti bosi hapendi kusikia "sijui" kutoka kwa kitu anachokilipia. Nimeiacha. Nyie mngeifuta?