KUNGUNI HAJUI UKUTA WA JIRANI

Ziko habari ambazo watu wa mji huu huzizungumza barazani mchana kweupe, na ziko nyingine ambazo hunong'onwa jikoni baada ya mlango kufungwa. Habari ya kunguni ni ya aina hii ya pili. Mtu atakueleza deni lake, atakueleza ugomvi wake na wakweze, hata maradhi yaliyomlaza hospitali atakueleza. Lakini hatakwambia kwamba kitanda chake kina kunguni. Akiona vidoa vya damu juu ya shuka, huifua shuka ile usiku kisha akaianika ndani, asiione mtu.

Basi leo, ndugu msomaji, naomba ruhusa niyaseme haya hadharani, kwani nimekuja kuamini kuwa aibu hii ndiyo inayotuponza zaidi kuliko wadudu wenyewe.

Nyumba tunayokaa iko Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Ni nyumba ya zamani iliyogawanywa ikawa fleti sita, na ngazi yetu ni moja. Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulisikia harufu kali ikishuka kutoka juu. Kumbe bibi wa ghorofa ya tatu alikuwa amemwita mpiga dawa kwa siri. Alimwagiza aje wakati ambapo wapangaji wengi wako kazini, na bomba lake alitie ndani ya gunia ili watu wa mtaani wasijue amekuja kufanya nini. Dawa ilipigwa, mlango ukafungwa, na bibi akaenda kulala kwa dada yake Tudor.

Usiku ule mende waliteremka kwetu kwa kufuata bomba la maji kama jeshi lililoshindwa vita. Mtoto wetu mdogo, ambaye ana pumu, alikohoa mpaka alfajiri. Siku ya tatu tukaanza kuumwa na kunguni.

Bibi aliporudi nilipanda ngazi na maneno yangu mdomoni. Alinisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niwie radhi. Niliona haya. Nilidhani mutasema mimi ni mchafu."

Hapo nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza naiungama leo. Miezi miwili kabla ya siku ile sisi wenyewe tulikuwa na kunguni. Tulinunua kipakiti cha unga kwa mchuuzi wa njiani, tukakinyunyiza chini ya vitanda, wala hatukumwambia mtu. Ni nani basi aliyempelekea mwenziwe kunguni? Huenda walipanda kutoka kwetu kwenda kwake, kisha wakarudi walikotoka.

UKUTA MMOJA

Mtu akitazama namna nyumba zetu zilivyojengwa, ataona kwamba fleti moja peke yake haiwezi kutibiwa ikapona. Kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Kila boriti inapoingia ukutani huacha upenyo. Chokaa ikizeeka hufanya nyufa. Na wale wanaokaa katika majumba mapya ya Ganjoni au Majengo wasicheke, kwani kwao nako mabomba ya maji na nyaya za umeme hupita katika matundu ya ukutani kutoka fleti hii hadi ile.

Kunguni ni mdudu bapa. Ufa unaopitisha kadi ya karatasi unamtosha kwa nyumba. Aliyekomaa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya damu, akingoja tu. Tena mayai yake mara nyingi hayafi kwa dawa, na huanguliwa baada ya siku sita hadi kumi hivi. Kwa hiyo mpiga dawa anayekuja mara moja, akapokea fedha zake na asirudi tena, amewaua wazee na kuwaacha watoto. Na mende wale wadogo wa jikoni, jike mmoja hubeba kifuko chenye mayai thelathini hadi arobaini. Ukimnyunyizia dawa ya kumkimbiza, atakimbilia kwa jirani. Na jirani naye akifanya vivyo hivyo, atakurudia na ukoo wake.

Tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo yanatupa mwongozo katika jambo hili. Panya ametajwa miongoni mwa wanyama wenye madhara ambao ni ruhusa kuwaua hata mtu akiwa katika ardhi takatifu. Hapana basi wa kutuambia kuwa kuondoa vidudu vinavyodhuru ni kosa. Lakini mafundisho yale yale hayampi mtu ruhusa ya kujiondolea madhara kwa kumtia mwenziwe madharani. Na haki ya jirani imesisitizwa mno, hata watu wetu wakasema: jirani kwanza, nyumba baadaye.

BOMBA LA ZAMANI

Wako wazee watakaosema, "Siku zetu hatukuwa na maneno mengi. Ilikuwa bomba la Flit na dawa ya DDT, basi, mambo yamekwisha." Ni kweli kwamba baada ya Vita Vikuu vya Pili DDT iliwapunguza kunguni sana duniani. Lakini mapema kama mwaka 1947, katika kambi za wanajeshi huko Hawaii, walionekana kunguni waliokuwa wakipigwa dawa hiyo na wasife. Wanaonusurika huzaa walio kama wao, na baada ya vizazi vichache dawa inakuwa kama maji. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo inavyoendelea kuwa kwa dawa nyingi za leo. Mwaka 2023 mji wa Paris, pamoja na utajiri wake wote, ulitaharuki kwa habari za kunguni katika treni na sinema.

Kwa hiyo kuongeza dawa si kuongeza akili. Na hapa mama zetu wa zamani walikuwa na hekima ambayo hawakuhitaji kitabu kuipata. Walitoa vitanda uani, wakavimwagia maji yanayotokota katika viungo vyake, wakaanika magodoro juani siku nzima. Wataalamu wa leo wanatuambia kwamba joto la nyuzi hamsini hivi likimfikia kunguni sawasawa humuua, yeye na mayai yake, na wala hawezi kulizoea kama anavyozoea dawa.

Tena tuiache ile fikira kwamba mwenye kunguni ni mchafu. Kunguni hafuati takataka, hufuata damu, na damu ya msafi na ya mchafu kwake ni moja. Huingia kwa sanduku la safari, kwa kochi la mtumba, kwa godoro la mgeni. Fikira hiyo ya kuwalaumu watu badala ya kumtafuta mdudu ina historia mbaya katika nchi yetu. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, maduka na makao ya Wahindi yalichomwa moto kwa amri ya wakubwa. Na hali ilikuwa tangu mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikuwa ameeleza huko Bara Hindi kwamba maradhi yale huletwa na viroboto vya panya.

VIDONGE VYA HATARI

Ziko dawa ambazo haifai kabisa kuingizwa katika nyumba ya watu wengi, na hili nalisema kwa msisitizo. Viko vidonge vya aluminiamu fosfaidi, vilivyotengenezwa kwa ajili ya maghala ya nafaka. Kidonge hicho kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya sumu, na unyevu wa hewa, sisi watu wa kisiwani, hatukuupungukiwa. Gesi hiyo hupenya katika nyufa na matundu yale yale wanayopita kunguni, ikaingia chumba cha pili. Aliyeivuta madaktari humsaidia kwa kadiri wawezavyo, lakini sumu hiyo haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini.

Jamaa zetu walioko Ghuba wanaijua habari hii. Huko Sharjah na miji mingine, watoto wamekufa usingizini kwa sababu jirani katika fleti ya pili aliweka vidonge hivyo kuua kunguni, akafunga mlango na kwenda zake. Hakukusudia kuua mtu. Alikuwa na kunguni, na hakumwambia yeyote.

Nikikumbuka usiku ule wa mtoto wetu kukohoa, mwili hunisisimka. Hatukujua ni dawa gani iliyopigwa juu yetu. Bibi mwenyewe hakujua. Na ule unga tuliounyunyiza sisi, uliofungwa katika karatasi isiyo na jina, mpaka leo hatujui ulikuwa nini.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Si kwamba nawapinga wapiga dawa. Kazi yao ni kazi ya ufundi, na fundi mzuri anastahili ujira wake. Ninalosema ni kwamba tumchague kama tunavyomchagua fundi wa kuchimba kisima: kwa kumwuliza.

Kwanza, aonyeshe leseni. Kenya ina sheria ya bidhaa za kudhibiti wadudu tangu mwaka 1982, na iko bodi ya serikali, inayojulikana kwa herufi PCPB, ambayo husajili dawa na kutoa leseni kwa wanaofanya kazi hii. Pili, ataje dawa atakayoitumia, na aonyeshe chombo chenye karatasi yake na nambari ya usajili. Anayekuja na dawa ndani ya chupa ya soda, mpe salamu umfungulie mlango arudi. Tatu, aeleze watoto, wajawazito, wagonjwa wa pumu, na hata paka, wakae nje kwa muda gani. Nne, aseme atarudi lini. Kwa kunguni, kurudi baada ya wiki mbili hivi ni sehemu ya kazi, si hisani.

Fundi anayejua kazi yake hutazama kabla ya kutaja bei. Huja na tochi, akainua godoro, akachungulia nyuma ya kabati na chini ya sinki. Kwa mende wa jikoni huenda asipige bomba kabisa, bali aweke chambo kidogo kidogo pembeni, mende wale na kuwapelekea wenzao kifo. Kwa panya atakwambia uzibe matundu kwanza, kwani sumu bila kuziba huishia panya kufia darini, na uvundo wake ukawatoa nyumbani. Na alama kubwa ya fundi wa kweli ni hii: atakuuliza habari za jirani zako.

NANI ALIPE?

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mmoja atasema hili ni jukumu la mwenye nyumba. Naam, ana sehemu yake. Na Sheria ya Afya ya Jamii inaihesabu nyumba iliyojaa vidudu hata kuhatarisha afya kuwa ni kero inayopasa kuondolewa. Mwingine atasema kazi hii ni ya kaunti. Kaunti nayo ina lake, la mitaro na majalala, ambamo panya huzaliana. Lakini si mwenye nyumba wala kaunti atakayeinua godoro lako. Na wa tatu atasema kuwakusanya wapangaji ni kazi ngumu, maana wengine hawasemezani. Huyu ndiye mwenye hoja ya kweli. Lakini mbona tukifiwa twachanga? Mbona harusini twakopeshana masufuria na mikeka, hata na tusiosemezana nao?

Sisi tulijaribu. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikaa barazani, wapangaji wa fleti tano, na bibi wa ghorofa ya tatu ndiye aliyeanza. Alisema, "Mimi nina kunguni. Je, kuna mwenzangu?" Pakawa kimya. Kisha nikasema, "Nasi pia." Akafuata wa tatu, na wa nne, mpaka watu wakacheka. Fleti ya sita ilikuwa imefungwa, mpangaji yuko safarini, na ufunguo tuliupata kwa mwenye nyumba, ambaye pia alitoa sehemu ya fedha. Tulianika magodoro siku moja, juu ya dari, mtaa mzima ukiona. Fundi alipiga dawa fleti zote sita na ngazi, akarudi baada ya wiki mbili.

Sitasema kwamba wadudu hawatarudi. Masanduku ya safari yataingia, na makochi ya mtumba yatanunuliwa. Lakini safari hii wakirudi tutajuana mapema, kabla mtoto wa mtu hajavuta hewa asiyoijua.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Basi, ndugu msomaji, ukiamka kesho ukaona kidoa cha damu juu ya shuka, usikimbilie kuifua. Panda ngazi, piga hodi, umwambie jirani yako.